Saa za Ganzi

Mgongo hauna kidonda cha kuonyesha watu. Hilo lilinitesa karibu sawa na maumivu yenyewe. Ukiwa na jipu, watu wanaliona, wanakupa pole, wanakuletea uji. Ukivunjika mguu unafungwa plasta ngumu, na watoto wa jirani wanakuja kuigongagonga. Lakini mgongo! Umelala kwenye mkeka, mashavu yamejaa, na mdomo wako, kama huu wangu, bado unamjibu kila mtu anavyostahili. Nani atakuamini kwamba humo ndani kunawaka moto?

Nilikuwa mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni mzaliwa wa Ufipa, mimi alinitoa Mbeya alikokuwa akisomea ualimu. Miaka ile ya kuhamia vijijini, watu wa vitongoji walipokusanywa kwenye kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mpui, shule ilihamia huko na sisi tukahamia nayo. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Vyombo vyetu vilikuja kwa trela la trekta, na wakati wa kushusha nikaona vijana wanarusharusha vitu vya watu ovyo. Mle ndani mlikuwa na jiwe langu la kusagia, nililopewa na mama yangu nilipoolewa. Nikasema, hili hamligusi. Nikalikumbatia, nikaruka nalo chini. Kiuno kikalia kah! Nikabaki nimeinama na jiwe langu kifuani, siwezi kusimama wala kukaa, na watu wanacheka wakidhani mke wa mwalimu anawafanyia vichekesho.

Tangu siku hiyo maumivu yakawa na njia yao. Yalianzia kiunoni, yakashuka tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja na kutokea kwenye kifundo cha mguu. Nikikohoa, yanakimbia njia hiyo yote kwa mkupuo mmoja. Wakunga waliniambia ni uzito wa mimba, nikizaa yataondoka. Basi nikajifungua mtoto wa kike, mzuri, mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Yeye alitoka, maumivu yakabaki.

Walinikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka. Walinichanja chale kiunoni wakasugua dawa nyeusi. Walinilaza juu ya ubao. Hata! Nilichoweza ni kulala ubavu, kukaa kidogo, na kutembea mwendo wa bibi kizee huku nikishika ukuta. Nilichoshindwa kabisa ni kubeba. Nikiinua sufuria ya maji, mguu unaniishia nguvu ghafla. Nikijaribu kumwinua mtoto wangu, usiseme.

Na kule mtoto halelewi mikononi, analelewa mgongoni. Mama akienda kisimani mtoto yuko mgongoni, akipalilia yuko mgongoni, akitwanga yuko mgongoni. Humo ndimo anamolala, humo ndimo anamoizoea sauti ya mama yake, anaisikia ikipita mifupani kabla haijafika masikioni. Mtoto wangu alihitaji mgongo, na mimi sikuwa nao. Ndipo akaja wifi.

Wifi alikuwa dada yake mume wangu, anayemfuata kwa kuzaliwa. Alikwisha kuolewa, akarudishwa kwao kwa sababu hakushika mimba. Alikuwa mwembamba, mkimya, mtu wa kucheka huku amejiziba mdomo kwa kanga. Aliingia ndani, tukasalimiana, akafungua mbeleko, akamweka mtoto mgongoni kwake, na mtoto akanyamaza papo hapo. Nilimshukuru Mungu. Pia nilitamani kumrukia nimng'oe nywele. Vyote viwili nilivisikia kwa pamoja, sitadanganya.

Alitulea mimi na mtoto. Saa ya kunyonya alimlaza mtoto ubavuni kwangu, akakaa pembeni anachambua maharage, mtoto akishiba anambeba tena. Usiku walilala chumba cha pili. Mtoto alipoanza kusema, neno "mama" alilitamka akiwa mgongoni kwa wifi, uso umelala katikati ya mabega yake. Wifi alishtuka kama aliyekamatwa na mali ya mtu. Akamgeuza anitazame.

"Mama yule pale," akamwambia. "Mimi ni shangazi. Sema shangazi."

Mtoto akanitazama, akanichekea vizuri tu, kama anavyowachekea majirani. Halafu akarudisha shavu pale pale. "Mama," akauambia mgongo ule.

Kila siku wifi alimfundisha, na kila siku mtoto alikataa kufundishwa. Niliishia kumwambia wifi aache. Nilisema kwa ukali, akadhani nimemkasirikia, kumbe nilishindwa kuvumilia kulisikia somo lile likirudiwa.

Kijiji nacho hakikuniacha. Kwenye uwanda ule wa Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha, watu hulima kwa namna yao. Hukata nyasi na kuzifunika kwa udongo, kilima kidogo kimoja kimoja, shamba zima linajaa vilima. Vilima hivyo huviita ntumba. Nyasi zinaozea humo, na msimu unaofuata udongo huo unatawanywa na kupandwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi, jembe mkononi, kiuno juu. Kwenye shamba la kijiji kila mtu mzima alipimiwa sehemu yake. Ya kwangu ilikaa na nyasi zake zimesimama, kila apitaye anaiona. Balozi wa nyumba kumi akaja nyumbani.

"Mama mwalimu," akasema, akikwepa macho yangu, "watu wanauliza. Wanasema, eti huko Mbeya majembe hayapo?"

"Yapo. Na adabu ipo."

"Usikasirike mama. Nakuambia yaliyosemwa. Mkutanoni mtu ametaja neno kupe."

Kupe! Enzi zile neno hilo halikuwa la mzaha. Kupe ni yule anayenyonya jasho la wenzake, redio ilitwambia kila siku. Nilinyanyuka kwa hasira niende kumwonyesha jembe linavyoshikwa Mbeya. Nikafika mlangoni, mguu ukaniishia nguvu, nikaanguka kifudifudi miguuni pake. Masikini balozi wa watu, yeye ndiye aliyeniokota. Hakulitaja tena neno lile. Lakini sehemu yangu ilibaki kulimwa, na wifi ndiye aliyeifunika yote pamoja na ya kwake, mtoto wangu akiwa mgongoni, kichwa chake kidogo kikipanda na kushuka kila jembe lilipopanda na kushuka. Nilikaa mlangoni nikawatazama kwa mbali, nikalia kwa wivu.

Mume wangu ndiye aliyeleta habari za daktari mgeni katika hospitali moja ya masista, ng'ambo ya Sumbawanga, kwamba anachoma watu sindano za ganzi mgongoni. Majirani wakatutisha. "Sindano ya mgongo inapoozesha," walisema. "Kuna mtu alichomwa, mpaka leo hajainuka." Kila aliyeuliza mtu huyo ni nani aliambiwa ni wa kijiji kingine. Nikasema, kupooza nimeshapooza, twendeni.

Tulikwenda kwa lori la kubeba mazao, mimi nimelazwa juu ya magunia, kila shimo la barabara nalisikia kifundoni. Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu. Alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka mpaka nikapiga yowe, na yeye akatabasamu.

"Daktari, unafurahia nini?" nikamfokea. Mume wangu akanikanyaga kidole.

"Ninafurahi kwa sababu nimeuona," akasema. "Mama, kati ya pingili za mgongo wako kuna mshipa wa fahamu umebanwa. Ugonjwa huu ni wa kweli."

Nililia pale pale. Muda wote ule, mbali na mume wangu na wifi, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ni wa kweli.

Akanieleza taratibu, na nesi akamsaidia maneno yalipompotea. Sindano yenyewe haiponyeshi, alisema. Inauzima mshipa kwa saa chache tu. Katika saa hizo misuli iliyokaza inalegea, na mgonjwa anajifunza upya kutembea na kuinama bila woga. Wakirudia rudia, mshipa wa watu wengine hutulia, wa wengine hautulii. Kwao huchanganya ganzi na dawa nyingine ya kupunguza uvimbe, ikashika kwa wiki nyingi, ila stoo yao haikuwa nayo. Miaka ile hata sabuni tulikuwa tunaitafuta kwa tochi, sembuse dawa ya namna hiyo.

Nililazwa ubavu, magoti nimeyavuta mpaka tumboni, nesi amenikumbatia mabega nisitikisike. Pamba ya spiriti ikapita kiunoni, baridi mpaka meno yakagongana. Sindano sikuiona, nesi alikuwa amenifunika uso kifuani kwake. Nilisikia kitu kinasukuma ndani, kizito, halafu umeme mmoja ukapita mguuni mpaka kidoleni, halafu joto. Halafu kimya. Sijui niseme vipi. Mguu ulikuwa mzito kidogo, kama wa kuazima, lakini maumivu hayakuwepo. Niliyatafuta. Nikakohoa kwa makusudi, hakuna kitu. Nikacheka, na kucheka nako hakukuuma. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili unaweza kukaa kimya hivyo.

Daktari akaniambia nilale kwanza, kisha nitembee taratibu uani, nisibebe kitu, na nibaki pale siku kadhaa. Mimi huyo? Nilisikia lori linapiga honi barabarani. Nikajiambia, mwanamke umepona, mtoto wako yuko nyumbani, unangoja nini hapa? Nikateremka kitandani, mguu ukayumba, nikajikaza nikatoka. Mume wangu alinibembeleza nirudi mpaka akachoka. Kichwani nilikuwa na jambo moja: nashuka kwenye lori kwa miguu yangu, nainama mbele ya mtoto, nasema njoo, na yeye anapanda mgongoni kwa mama yake.

Barabara ile! Kwanza pancha. Kisha tukasimama Pito kupakia mahindi, wapakiaji wanataniana na wasichana, mimi nawapigia kelele wafanye haraka, nao wanasema huyu mama vipi. Ganzi haikunisubiri. Jua lilipoanza kushuka nikasikia kitu kinachoma kwa mbali kwenye kifundo, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kabla hatujafika Mpui kilikuwa kimeshaingia nyumba nzima, tena na hasira za kufungiwa nje. Mume wangu na dereva walinishusha kwa kunibeba, mmoja mabegani, mmoja miguuni. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, wote wawili wananitazama. Saa zangu zote zisizo na maumivu nilikuwa nimezimaliza juu ya magunia ya watu.

Baada ya hapo nikarudi kwenye mkeka wangu, miezi ikapita. Mtoto akaacha kunyonya. Akaanza kukimbia, kuanguka, kupanda mgongoni kwa wifi kila alipochoka.

Ndipo wifi akaja kuposwa. Mwanamume alikuwa mjane wa upande wa Mpanda, mtu mzima, mpole, watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Hakuuliza habari za kuzaa. Ukoo ulifurahi, na mimi nilifurahi mpaka nilipomsikia mume wangu akizunguka maneno jioni moja, anasifu chakula ambacho hata chumvi hakikuwa nacho.

"Sema tu," nikamwambia.

"Wazee wamekaa," akasema. "Wanasema mtoto amemzoea shangazi yake. Wanasema, akiondoka, hapa nani atambeba? Mimi nashinda shuleni. Wewe..."

"Mimi nini?"

"Wamesema hivi. Kama mpaka mavuno unaweza kumbeba na kumlea mwenyewe, mtoto anabaki. Kama huwezi, ataondoka na shangazi yake, mpaka akue."

Nilimtukana. Niliwatukana na wazee wake, mmoja mmoja, na wengine walikuwa wamekwisha kufa. Alikaa tu, kichwa amekiinamisha, machozi yanamdondoka kwenye suruali yake ya shule. Kumpa mtoto shangazi asiye na mtoto si jambo la ajabu, watu wamelelewa hivyo na wakawa watu. Hata mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo. Kwa hiyo sikuwa na mtu mbaya wa kumshika shati. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikasema narudi kwa daktari. Safari hii sikutaka kukimbilia nyumbani ganzi ikiwa bado mwilini. Nilitaka mtoto awe pale pale hospitalini, ganzi ikiingia tu nimbebe, nimzoeshe, siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka mgongo ujifunze kama daktari alivyosema. Mume wangu hakuweza kuacha shule. Aliyejitolea kunisindikiza ni wifi mwenyewe, na wazee wakasema vizuri, yeye ndiye atakayerudi kutueleza alichokiona. Alijua fika tunakwenda kufanya nini. Alifunga kanga mbili na nguo za mtoto, akanishika mkono, tukapanda lori.

Tulilala Sumbawanga, mtaa wa Izia, kwa mama mmoja wa kwetu Mbeya aliyekuwa akiuza vitenge mjini. Wakati wifi anakoroga uji jikoni, bila kunigeukia, akaanza kusema.

"Wifi. Siku waliyonirudisha kule nilikoolewa, nilitembea na kifurushi kichwani. Watu wa njiani hawakukitazama kile kifurushi. Walikuwa wananitazama mgongo, waone kama nimebeba mtoto."

"Unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu. Nakuambia tu."

"Mimi ndiye niliyemzaa!" nikafoka. "Nani mwingine aliyemzaa? Mwili wangu umeharibika kwa ajili yake, halafu nimpakie kwenye lori aende Mpanda na wewe?"

"Najua, wifi."

"Hujui!"

"Najua," akasema, mwiko umesimama ndani ya sufuria, na akaanza kulia. Mimi nami nikalia, kwa sauti, bila aibu, katika jiko la watu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati yetu. Akatutazama mmoja mmoja, midomo ikaanza kumcheza. Akashuka, akaenda kwa wifi, akamfuta machozi kwa kiganja. Nilimngoja aje na kwangu. Hakuja.

Asubuhi yake tulifika hospitalini. Daktari alinikumbuka. "Mama wa lori," akasema, na nesi akacheka. Akanipima, akanichoma tena, ubavu ule ule, nesi yule yule. Nikalala kama nilivyoagizwa. Nilipoamka kukaa, nikamwuliza kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Daktari, naruhusiwa kumbeba mtoto?"

"Hapana, mama. Ganzi inaficha maumivu, ugonjwa uko pale pale. Ukibeba unaweza kuumia na usijue mpaka jioni."

"Sawa, daktari," nikajibu kwa heshima zote, nikatoka kwenda kumbeba mtoto wangu.

Wifi alikuwa uani, karibu na kamba walikoanika mashuka ya wodi. Alimshusha mtoto, akafungua mbeleko, akanipa. Nikainama. Jamani, niliinama! Niliinama mpaka vidole vikakaribia majani, na hakuna kilicholia. Wifi akamweka mtoto mgongoni kwangu, mimi nikavuta kitambaa mwenyewe, nikafunga fundo kifuani, nikasimama.

Nilikuwa nimengoja tangu siku ya kumzaa kuusikia uzito ule. Alikuwa mkubwa tayari, ana karibu miaka mitatu, miguu inaning'inia mpaka mapajani kwangu. Tumbo lake lilikuwa la moto dhidi ya uti wangu wa mgongo. Nilisikia anavyopumua. Kwa kitambo kidogo sana nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote pale uwandani.

Halafu akapiga yowe. Alijipinda nyuma mpaka nikadhani ataanguka, mikono ameinyoosha kwa wifi, anaita "Mama! Mama!" mpaka wauguzi wakatokeza madirishani. Nikatembea. Nikamwimbia nyimbo za kwetu alizoniimbia mama yangu, na hazikumsaidia, kwa sababu hakuwahi kuzisikia. Wifi alisimama akiuma kanga. Mwisho akaona anatuzidishia taabu, akazunguka nyuma ya mashuka asionekane.

Mtoto alipomkosa kwa macho, akanyamaza. Nikaendelea kutembea polepole chini ya misonobari. Akalaza shavu kwenye bega langu. Nikasema, basi, amekubali, watoto ndivyo walivyo, kesho atakuwa amezoea. Nikawa nishaanza kupanga jinsi nitakavyoingia kijijini naye hivi hivi, mbele ya wazee na balozi.

Nikasikia kidole kinanigusa shingoni, taratibu.

"Chikamoo," akasema.

Wifi ndiye aliyemfundisha kwamba ukitaka kitu kwa mtu mkubwa, kwanza msalimie vizuri, halafu omba. Nilikuwa nimewasikia mara nyingi chumba cha pili wakifanya mchezo huo.

"Marahaba," nikamjibu.

"Naomba nipeleke kwa mama."

Hakulia. Aliomba kwa adabu, kama anayeomba maji ya kunywa kwenye nyumba ya watu. Nilisimama pale chini ya mti. Mwilini mwangu mote hakukuwa na sehemu hata moja iliyouma, na sikumbuki siku nyingine niliyoumia kama ile.

Nikarudi kwenye mashuka. Wifi alikuwa amechuchumaa, kanga usoni. Alipotuona akasimama haraka, akajifuta.

"Umembeba," akasema. "Nimeona kwa macho yangu, umembeba na umetembea naye. Nitawaambia nyumbani kwamba umepona."

"Na jioni, ganzi ikiisha?"

"Hiyo watajuaje? Mimi sitasema."

Nilimtazama yule mwanamke. Alikuwa anasema kweli, angekwenda Mpanda na mgongo mtupu na asingetamka neno mpaka anaingia kaburini. Mtoto alikuwa anamnyooshea mikono juu ya bega langu, kimya, vidole vinakunjuka na kukunjika.

"Usiwaambie hivyo," nikasema. "Waambie nimeshindwa. Mwambie kaka yako mtoto aende."

"Wifi..."

"Geuka."

Hakutaka kugeuka. Ilibidi nimfokee ndipo akageuka na kuinama. Nikafungua fundo, nikamlaza mtoto pale alipopazoea, nikavuta mbeleko, nikaifunga mwenyewe kifuani kwa wifi, nikaikaza vizuri kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Mtoto akashusha pumzi. Waliondoka na lori la mchana, mimi nikabaki kwa ajili ya sindano za siku zilizofuata, ambazo sikuona tena zina kazi gani.

Jioni nililala kitandani, wodi imejaa wanawake wenye wageni wao, vyakula vinapita huku na huku. Sikutoa chozi. Niliona aibu, ningewaambia nini? Kisha nikaisikia ganzi inalegea. Maumivu yakaanza kifundoni, yakapanda nyuma ya paja, yakaingia kiunoni, makali kuliko ya kwanza, maana nilikuwa nimebeba nilichokatazwa kubeba. Nikashukuru. Sasa nilikuwa na kitu ambacho mtu anaweza kukililia mbele za watu. Nikafungua kinywa nikalia kwa sauti yangu yote, na nesi akaja mbio na vidonge viwili vya aspirini na kikombe cha maji, akaniinua kichwa, akasema, "Pole, mama. Pole sana. Mgongo ni kitu kibaya."